Aliyeanguka Mkarafuuni Akasema Hajambo

Na Katibu wa Jumuiya



Ukurasa huu mmeuzoea kwa mambo ya miche, kuanika, makonyo na hesabu za magunia. Leo naomba ruhusa yenu niuache mkarafuu kidogo nikizungumze kichwa cha mwenye kuupanda. Msimu unakaribia, madago yatapigwa, na kama ilivyo kila msimu wako watakaoanguka. Anayevunjika mguu twamwona. Twamfunga, twampeleka hospitali, na hapana amwambiaye kesho yake, "Inuka ukachume." Lakini yuko mwengine aangukaye akainuka mwenyewe, akajikung'uta vumbi, akasema hajambo. Huyo ndiye nitakaye kumweleza, kwa sababu mmoja wao sisi tulimdhulumu, na aliyeshika kalamu ya dhulma hiyo nilikuwa mimi.

Bwana mwenyewe ni mwanachama mwenzetu wa siku nyingi. Jina lake silitaji, ingawa wengi wenu mtamjua. Nimemsomea maneno haya yote kabla ya kuyapeleka kupigwa chapa. Ameniruhusu, na mahali pawili amenisahihisha.

SIKU YENYEWE

Ilikuwa katikati ya msimu, na yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa pishi katika dago letu. Siku ile wachumaji walikuwa wachache, na mkarafuu mmoja karibu na kibanda ulikuwa umekwisha iva, karafuu zake zimeanza kufunua. Akaona ni khasara kuuacha. Akaweka daftari chini, akapanda. Mtu huyu amepanda mikarafuu tangu utotoni, na sasa ana umri wa miaka hamsini na kitu. Lakini tanzu la mkarafuu, kama mjuavyo, halina urafiki na mtu. Halipindi likakuonya; hukatika mara moja. Alianguka kiasi cha futi 12, na kichwa chake kikagonga mzizi.

Tulipomfikia alikuwa amekaa kitako, macho wazi, anatutazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Damu haikumtoka. Akauliza, "Leo pishi zimefika ngapi?" Tukamwambia. Punde akauliza tena, "Leo pishi zimefika ngapi?" Akauliza mara ya tatu, nasi tukacheka. Mimi ni katika waliocheka. Nikampa chai, akanywa, akasema, "Sijambo, alhamdulillah." Baada ya saa moja akatapika mara moja. Tukasema ni chai juu ya tumbo tupu. Kesho yake asubuhi alikuwa juu ya kiti chake, daftari magotini, anaandika pishi.

Leo najua kwamba kule kuuliza neno moja mara tatu hakukuwa jambo la kuchekesha. Ndiyo alama ilioonekana waziwazi kuliko zote kwamba ubongo wake ulikuwa umetikisika, nasi tuliitazama tusiione.

KINACHOTOKEA NDANI YA KICHWA

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kiasi cha kilo 1.3 hadi 1.4. Ni laini, nao umekaa ndani ya fuvu umezungukwa na maji kidogo. Mfano wake ni mzigo ndani ya gari. Gari ikifunga breki kwa ghafla, gari husimama lakini mzigo huendelea mbele. Vivyo hivyo kichwa kikigonga chini, fuvu husimama, na ubongo ndani yake huendelea kwenda na kujizungusha. Kwa hiyo si lazima mfupa uvunjike wala ngozi ipasuke. Hata mtu aliyeanguka akatikisika kwa nguvu bila kugonga kichwa huweza kupatwa.

Ubongo ukivutika hivyo, chembe zake huchafukiwa kwa muda. Chumvi zinazotakiwa kukaa ndani ya chembe hutoka nje, na zile za nje huingia ndani. Ili kuzirejesha mahali pake chembe zahitaji nguvu nyingi, na wakati huo huo damu inayoleta sukari huweza kupungua. Basi ubongo huwa kama nyumba iliyopatwa na wageni wengi siku ambayo ghala ni tupu. Tena tukumbuke kuwa ubongo, ingawa uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika kila 100 za mwili, hula kiasi cha sehemu 20 katika 100 za nguvu ya mwili mzima. Ndiyo maana mtu wa namna hii huchoka kwa kazi ambayo zamani hakuihesabu kuwa ni kazi: kusoma, kujumlisha, kusikiliza watu wawili kwa pamoja.

Elimu hii si mpya kabisa, wala haikuanza Ulaya. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, tabibu mashuhuri wa mji wa Rayy katika Uajemi, aliyefariki karibu na mwaka 925, hutajwa na waandishi wa taarikh ya utabibu kuwa ni katika wa mwanzo waliopambanua baina ya ubongo uliotikisika na ubongo uliojeruhiwa.

Siku hizi madaktari hupima fahamu za aliyeumia kwa kipimo kilichotungwa Glasgow mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Hutazama namna afunguavyo macho, asemavyo, na atikisavyo viungo. Alama ndogo kabisa ni 3 na kubwa ni 15. Mwenye kupata 13 mpaka 15 huambiwa ameumia kwa daraja hafifu. Nataka tulifahamu vizuri neno hili. Daktari anaposema hafifu, maana yake ni kwamba mtu huyu hakufika kwenye daraja za khatari ya mauti kama wale wengine. Haina maana kwamba ni jambo dogo kwa aliyepatwa nalo, wala kwa mkewe, wala kwa daftari lake.

SIKU YA KWANZA: KHATARI YA KUVUJA DAMU

Jambo la kwanza la kuogopa si mtikisiko wenyewe, bali ni damu kuvuja ndani ya fuvu. Damu hiyo huweza kukusanya polepole na mtu yu mzima anazungumza. Tarehe 16 Machi 2009, mwigizaji Mwingereza Natasha Richardson alianguka alipokuwa akijifunza kuteleza juu ya theluji huko Mont Tremblant, Kanada. Aliinuka, akasema hajambo, na gari ya wagonjwa iliyoletwa ikarudi bure. Baada ya muda kichwa kikaanza kumwuma. Tarehe 18 Machi alikwisha fariki, umri wake miaka 45. Damu ilikuwa imejikusanya baina ya fuvu na utando wa ubongo. Hakuanguka mtini, alianguka pale pale aliposimama.

Madaktari wa Kanada walitoa kanuni mwaka 2001 ya kuwasaidia kujua nani apigwe picha ya kichwa miongoni mwa waliozirai, waliosahau au waliochanganyikiwa baada ya pigo. Katika mambo waliyoyahesabu kuwa ya khatari ni kuanguka kutoka zaidi ya futi 3, au ngazi 5. Jamaa, mikarafuu yetu mingi ina futi 30 na zaidi. Mchumaji akiwa kwenye tanzu la chini kabisa amekwisha upita mpaka huo. Kwa hiyo shauri langu ni kwamba aangukaye mkarafuuni akagonga kichwa apelekwe hospitali siku ile ile, hata akisema hajambo. Hakimu wa afya yake siku hiyo si yeye, maana chombo anachohukumia ndicho kilichoumia.

Na hizi ni alama ambazo ukiziona, iwe siku ya kwanza au siku zinazofuata, usingoje asubuhi, usingoje gari ya rakhisi:

1. Kuumwa kichwa kunakozidi kila saa.
2. Kutapika mara kwa mara.
3. Kusinzia kusiko kwa kawaida, au kutoamka vizuri anapoitwa.
4. Kuchanganyikiwa kunakoongezeka, au kutowatambua watu na mahali.
5. Kifafa, yaani degedege la mwili.
6. Udhaifu au ganzi ya mkono au mguu wa upande mmoja, au ulimi kuwa mzito.
7. Mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko ya pili.
8. Maji meupe au damu kutoka puani au sikioni.

Mzee wa miaka 65 na zaidi, na mtu anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, hao ni wa kuogopewa zaidi hata kama pigo ni dogo.

Tena mtu akianguka kutoka juu msimvute mikono kumkalisha, kama tulivyozoea. Huenda shingo imeumia. Mwacheni alale alivyo, mtu mmoja amshikilie kichwa kisitikisike, na akibebwa abebwe juu ya ubao au mlango, mwili wote kwa pamoja. Dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki asipewe siku hizo za mwanzo mpaka daktari aseme, kwa kuwa huweza kuzidisha kuvuja damu. Panadoli haina ubaya huo.

Wengi huuliza juu ya usingizi. Tumelelewa kuambiwa aliyegonga kichwa asiachwe kulala. Madaktari wa leo husema kwamba akisha tazamwa na daktari, na akawa hana alama zile za khatari, usingizi ni dawa kwake. Lililo lazima ni kuwa na mtu pamoja naye siku ya kwanza, usiku na mchana, mwenye kumtazama na kumwamsha akishuku jambo.

KUPUMZIKA, LAKINI SI KUFUNGWA CHUMBANI

Zamani kidogo aliyetikisika ubongo aliamriwa kulala katika chumba cha giza mpaka dalili zote ziondoke. Shauri hilo limebadilika. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo katika michezo walipokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana kwamba mapumziko yawe ya siku moja au mbili, tena mapumziko ya kiasi. Mtu apunguze kazi, asitazame sana simu wala televisheni, lakini aweza kutembea kidogo na kujihudumia. Baada ya hapo arejee kazini kwa daraja. Akizidisha kazi na kichwa kikamwuma sana, ashuke daraja moja apumzike, kesho ajaribu tena. Kukaa kitandani wiki nyingi hakumponyeshi, bali humzidishia udhaifu na fikra mbaya.

Jambo lisilo na mjadala ni kutopata pigo la pili kabla la kwanza halijapoa. Ubongo ulio katika matengenezo haustahamili. Basi hapana kupanda mti, hapana mpira, hapana kuendesha pikipiki mpaka kizunguzungu kiishe na daktari aridhike.

Walio wengi hupona. Hili nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu hofu nayo ni sehemu ya maradhi. Wengi hujiona wazima ndani ya siku au wiki chache, na baada ya miezi 3 wengi sana wamerejea hali yao. Mtu akielezwa mapema kwamba kuumwa kichwa, usahaulifu na hasira ni mambo yanayotarajiwa na yapitayo, hupona kwa wepesi kuliko yule asiyeambiwa kitu akadhani anaingiwa na wazimu.

WANAOBAKI NYUMA

Lakini wako ambao miezi 3 hupita na bado. Mwenzetu alikuwa katika hao. Walio karibu zaidi na khatari hiyo ni waliokwisha gonga kichwa zamani, wenye kuumwa vichwa vya upande mmoja tangu mwanzo, na wenye huzuni au wasiwasi kabla ya ajali. Wanawake nao hupatwa zaidi. Na kufanya kazi kwa nguvu siku zile za mwanzo huzirefusha dalili.

Dalili zenyewe ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, macho kuchukia mwangaza na masikio kuchukia kelele, usingizi kuharibika, kusahau, akili kwenda polepole, hasira za upesi, na huzuni. Zitazameni vizuri. Hapana hata moja inayoonekana kwa jirani. Mtu hana bandeji, hachechemei, anakwenda msikitini kama kawaida. Aonekanacho kwa watu ni tabia tu, na tabia huhukumiwa.

Mwenzetu alianza kukosea daftari. Pishi 7 aliziandika 17. Mama mmoja mchumaji alipungukiwa pishi 4, akalalamika, na alikuwa na haki. Mwengine akalalamika, kisha wa tatu. Alipoulizwa alipandwa na hasira akatoa maneno makali, naye kabla ya hapo hakuna aliyemsikia kupandisha sauti. Kamati ikakaa. Ikaamuliwa aondolewe katika uandishi kwa "kutoaminika katika hesabu". Barua hiyo niliiandika kwa mkono wangu, nikampelekea mwenyewe. Aliisoma polepole mno. Nikadhani anatafuta hoja, kumbe herufi zilikuwa zikimchezea.

Baada ya hapo maneno yakatembea mjini kwamba amekula fedha za wachumaji. Akaacha kukaa barazani. Sala akawa anasalia nyumbani.

Miezi zaidi ya 3 baada ya kuanguka kwake, mkewe alikuja ofisini kwangu. Hakuja kugombana. Alikaa akaniambia, "Mwanangu, mimi sikuja kuomba kazi. Nimekuja kuuliza. Wewe ulikuwepo siku aliyoanguka. Mume wangu hakurudi na roho ile aliyoondoka nayo asubuhi. Wajukuu wakicheka anaziba masikio. Usiku halali. Kila asubuhi ameza panadoli, na jioni ameza tena. Jee, alianguka vipi?"

Wallahi, ndugu zangu, mpaka saa ile sikuwa nimeiunganisha ile tanzu iliyovunjika na ile barua. Nilikuwa na mambo hayo mawili katika kichwa changu, kila moja katika kabati lake.

HOSPITALI, NA DAFTARI

Tulikwenda naye hospitali pamoja. Daktari alimsikiliza kuliko tulivyomsikiliza sisi. Picha ya kichwa ilipigwa, ikatoka safi. Hapa pana jambo la kufahamu. Picha ya mashine ya CT huonyesha damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa chembe mara nyingi hauonekani humo. Picha safi ni khabari njema, lakini si ushahidi kwamba mtu anasingizia.

Daktari alitutengenezea mambo matatu. La kwanza, kizunguzungu. Ndani ya sikio mna punje ndogo ndogo za chokaa zinazosaidia mizani ya mwili, na pigo huweza kuziondoa mahali pake, ikawa kila mtu akigeuka kitandani dunia inazunguka. Daktari alimlaza, akamgeuza kichwa huku na huku kwa utaratibu maalum uliotangazwa mwaka 1992 na Daktari John Epley wa Marekani, na baada ya mara mbili tatu kizunguzungu kile kikapungua sana. Kumbe alikistahamili miezi yote ile bure.

La pili, panadoli. Dawa ya maumivu ikimezwa karibu kila siku kwa muda mrefu, yenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Aliachishwa kwa utaratibu. Siku kumi za mwanzo zilikuwa ngumu, kisha vichwa vikapungua.

La tatu, usingizi na kazi. Aliambiwa alale na kuamka kwa saa maalum, atembee kila asubuhi, na arejee kwenye hesabu kwa robo saa, kisha nusu saa, akiongeza kila wiki.

Mimi nilirudi ofisini nikalichukua lile daftari. Nikakaa nalo usiku mbili, nikalinganisha mistari yote na vijikaratasi vya wachumaji. Nilikuta makosa 23. Katika hayo 12 yaliwapunguzia wachumaji, na 11 yaliwaongezea, mengine yakiipunguzia Jumuiya na mawili yakijipunguzia yeye mwenyewe. Fedha za sanduku zilikuwa kamili. Mwizi hakosei kwa kujidhulumu. Yale yalikuwa makosa ya macho yaliyochoka, tena mengi yameandikwa baada ya adhuhuri, na yote baada ya siku aliyoanguka. Daftari lile lilikuwa mbele yetu kamati nzima siku tulipotoa hukumu, na hapana aliyelifungua kutazama tarehe.

Barua ya kwanza imefutwa. Ya pili nimeiandika na imesomwa mbele ya wanachama wa tawi lake, na fedha za wachumaji waliopungukiwa zimelipwa. Leo umepita mwaka na zaidi. Bwana huyu amerejea uandishi wa pishi kwa nusu siku. Si yule wa zamani kwa kila kitu: watu wawili wakisema naye kwa pamoja, hesabu humpotea. Kwa hiyo tumemwekea kijana, yeye huita idadi, na bwana huandika. Na jua la mchana bado humwumiza, akavaa kofia pana. Mwenyewe husema, "Akili yangu imerudi, ila imerudi na fimbo ya kutembelea."

MAPIGO YA MARA KWA MARA

Kwa vijana wetu wapigao mpira baada ya kuchuma, neno moja. Mwingereza Jeff Astle, aliyekuwa mchezaji wa West Bromwich Albion na wa timu ya taifa lake, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59 baada ya akili yake kuharibika. Hakimu wa uchunguzi wa vifo alisema kuwa ni maradhi yaliyotokana na kazi yake ya kupiga mpira kwa kichwa. Ubongo wake ulipochunguzwa upya mwaka 2014 zilionekana alama za maradhi yanayofungamana na mapigo ya miaka mingi. Pigo moja lililopona si sababu ya kumtia mtu hofu ya uzee wake. Mapigo mengi, moja juu ya jengine, hayo ndiyo ya kuogopwa.

DUA NA HOSPITALI

Najua kwamba katika nyumba nyingi, mtu aliyebadilika tabia baada ya kuanguka husemwa amepigwa na shetani wa mti, akapelekwa kuzinguliwa. Mimi nimesoma chuoni kabla sijaingia skuli, na dua siikatazi wala kombe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituamrisha kutafuta dawa. Ombi langu ni utaratibu tu: kwanza hospitali, maana damu inayovuja haingoji, kisha mwombeeni dua mpaka alfajiri. Na wala asichapwe, asifukizwe moshi, asizungushwe kwa ngoma. Kichwa hicho kinahitaji utulivu.

NINAYOYALETA MBELE YA MKUTANO

Katika Mkutano Mkuu ujao nitaleta mambo manne, nanyi muyafikiri kabla ya kuja:

Kwanza, kila dago liwe na mtu mmoja aliyefundishwa zile alama nane, na karatasi yake ibandikwe kibandani.

Pili, aangukaye akagonga kichwa apelekwe hospitali siku ile ile, nauli itoke katika mfuko wa Jumuiya, na kuanguka kwake kuandikwe daftarini kwa tarehe na saa.

Tatu, siku zake mbili za mapumziko asikatwe, na baada yake apewe kazi ya chini, kama kuchambua makonyo au kugeuza karafuu majamvini, asipande mpaka daktari aseme.

Nne, asishitakiwe mwanachama wala mchumaji mbele ya kamati kwa kukosea au kwa ukali wa tabia kabla ya kuulizwa kama aliwahi kuanguka.

Na kinga ni bora kuliko yote. Msipande miti iliyolowa mvua. Lijaribuni tanzu kabla ya kuliegemea. Ngazi ifungwe shinani na juu, na tanzu la mbali livutwe kwa upembo, lisifuatwe kwa mwili. Watoto wasipandishwe. Kofia ngumu ni njema kwa mfupa, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani. Basi asijione mwenye kuivaa kuwa amesalimika.

Mkewe yule bwana aliniuliza suali moja tu: alianguka vipi? Suali hilo lilikuwa letu sisi kuliuliza, siku ya kwanza, sisi tuliokuwa chini ya mti. Msimu huu tuliulize.

Nakutakieni mavuno ya salama.

Wassalaam,
Katibu wenu